Leseni ya Bangwe na Saa ya Rumonge

Tangu Jumatatu ile fomu ilikuwa chini ya kopo la majani ya chai, na tangu Jumatatu Genoveva hakuwa mtu wa kukaa. Akikaa anainuka. Akiinuka anakwenda mlangoni, analitazama ziwa kama analidai jibu, kisha anarudi ndani kufuta vumbi ambalo alikwisha kulifuta. Simu ya upepo aliifuta mpaka vitufe vikang'aa. Alikaza waya za betri, akazilegeza, akazikaza tena. Ijumaa saa tisa alasiri fomu hiyo ya leseni ilitakiwa iwe imefika ofisini mjini, imetiwa saini, la sivyo kituo cha simu ya upepo cha Bangwe, Kigoma, kifungwe baada ya miaka arobaini ya yeye kukishika.

Chumba chenyewe si kikubwa. Kuna meza, kiti kimoja cha maana na kingine cha wageni, betri mbili za gari zinazopata umeme wa jua, na simu ya upepo, sanduku la kijivu lenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Waya wa antena unatoka dirishani, unapanda mlingoti, unaishia kwenye mchikichi wa jirani. Ukutani kuna ubao mweusi, na juu ya ubao zimetundikwa saa kubwa mbili. Mgeni akiingia hudhani mojawapo imeharibika, maana ya kulia iko nyuma ya mwenzake kwa saa nzima.

"Mama Geno, hii ilikufa lini?" humwuliza.

"Haijafa. Iko ng'ambo."

Ya kushoto ni ya Tanzania. Ya kulia ni ya Burundi, na Kongo ya upande ule pia, ambako kunapokucha na huku kumekucha, lakini watu wake wanahesabu saa moja pungufu. Wafanyabiashara wa ziwani wanalijua hilo tangu utotoni, kama wanavyojua upande upepo unakotoka. Hawalizungumzi.

Kazi ya Genoveva kuieleza ni rahisi, kuifanya ndiyo kazi. Boti la mbao likitaka kutoka Bangwe na mawese yake, sabuni zake na abiria wake, nahodha huja kumtajia jina la boti na idadi ya watu. Genoveva huandika ubaoni kwa chaki. Likifika Rumonge, upande wa Burundi, Honorata wa kituo cha kule huita kwa simu ya upepo, aseme limefika na watu wangapi wameshuka. Hapo ndipo Genoveva hufuta. Jina likiwa bado ubaoni, chakula hakimpiti kooni. Na boti likitoka kule kuja huku, Honorata naye ana ubao wake. Simu za mkononi zimejaa mifukoni siku hizi, lakini ukiuacha ufukwe mtandao unabaki nyuma, na mtu ambaye injini imemzimikia majini hana wa kumwita ila Bangwe au Rumonge.

Genoveva alizaliwa Kidahwe, binti wa mkulima wa mihogo, akasoma mpaka darasa la saba wakati darasa la saba lilikuwa darasa la saba kweli. Barua za nusu ya kijiji alizisoma na kuziandika yeye. Akaolewa Bangwe na Selestini, nahodha wa boti la chama cha wenye maboti, mwanamume mrefu mwenye kucheka kabla hajamaliza kusimulia jambo lake.

Mwaka wa themanini na nne, mwezi wa Septemba, Selestini alikuwa anarudi kutoka Rumonge. Karibu na mpaka injini ikazimika, na upepo ulikuwa umeanza. Akashika simu akaita Bangwe. Saa yake ya mkononi ilimwambia ni kumi na moja na nusu jioni, naye alijua karani wa Bangwe hufunga saa kumi na mbili. Basi alijua ana nusu saa nzima ya kusikika. Lakini ile saa alikuwa ameirudisha nyuma siku alipotia nanga Rumonge, ili aende sawa na watu wa soko, na wakati wa kuondoka akasahau kuipeleka mbele. Bangwe ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Karani alikwisha kufunga mlango, yuko njiani kwenda kula.

Mzee Martini wa Rumonge, baba yake Honorata, alimsikia. Alimsikia akiita Bangwe mara tisa. Alituma boti, lakini Rumonge ilikuwa mbali, Kigoma ndiyo ilikuwa karibu. Walimpata siku ya tatu. Saa ya mkononi ililetwa imefungwa kwenye kitambaa, bado inatembea, bado iko nyuma.

Genoveva hakumlaumu karani. Karani alifunga saa ya kufunga. Alipomaliza arobaini alikwenda kwenye chama, akasimama mbele ya wanaume kumi na wanne, akasema, "Nipeni ile simu. Mimi sitafunga." Wakampa, wengine kwa kumhurumia, wengine kwa kuwa hakuna aliyetaka mshahara ule mdogo. Akatundika saa ya pili ukutani, na tangu siku ile hajafunga kwa kufuata saa. Anafunga ubao ukiwa mtupu.

*

Sasa kikaja kitu kipya, na kwa kweli kilikuwa kizuri. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikaa, zikaona aibu kwamba boti moja likivuka linahitaji leseni ya simu ya upepo ya huku na nyingine ya kule, na kwamba kila upande una masafa yake na wengine hawasikilizani. Wataalamu wakaandika kanuni za namna moja: leseni ya upande mmoja itambuliwe pande zote, masafa yawe mamoja, vituo vidogo viwe daraja moja. Makubaliano ya nchi nne hayamkamati mtu wa Bangwe mpaka yaingie kwenye sheria ya nchi yake. Kwa hiyo kila nchi ikaenda kwao, ikazitia kanuni zile kwenye sheria yake, na jedwali la saa za kusikiliza lililo mwishoni likanakiliwa kama lilivyo, nukta kwa nukta, ili lisipotoke. Huku zikachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Zilipangwa kuanza siku moja pande zote, Jumatano ya wiki hiyohiyo.

Jumatatu wadau waliitwa ukumbini mjini waelezwe. Aliyewaeleza alikuwa Elinipa, ofisa wa leseni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same, mpole, mwenye Kiswahili cha kuandikwa. Akawagawia fomu na nakala za jedwali. Genoveva alivaa miwani, akasoma kila mstari huku wenzake wanakunywa soda. Alipofika mstari wa sita akasimama.

"Mwanangu, hapa pameandikwa kituo kidogo kitasikiliza saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, na saa kumi na moja hadi kumi na mbili jioni. Nje ya hapo kizime, masafa yaachiwe meli kubwa."

"Ndiyo, mama."

"Na Rumonge wameandikiwa hivihivi?"

"Hivihivi kabisa. Ndiyo maana ya kulinganisha."

"Saa kumi na mbili ya nani?"

Elinipa akatabasamu, si kwa dharau. "Saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili, mama."

Nyuma mtu akasema, "Bibi anataka serikali impe saa yake peke yake!" Ukumbi ukacheka. Genoveva akavua miwani, akaikunja, akakaa. Katika umri wake alikwisha kuchekwa, lakini si juu ya jambo alilolizika.

Njiani Eliakimu alimfuata. Ndiye mwenyekiti wa chama sasa, mwenye maboti mawili na maneno mengi.

"Mama Geno, saini tu. Karatasi haina masikio. Saini, halafu tuendelee tulivyozoea."

"Nitie saini kwamba nitazima, nisizime?"

"Nani atajua?"

"Masafa ni mamoja sasa, Eliakimu. Meli kubwa zitanisikia, bandari itanisikia. Na mimi mwenyewe nitajua."

"Basi saini na uzime!"

"Nizime, kisha Rumonge waite nani?"

"Aa, wewe mama!" Eliakimu akajipiga paja. "Kituo kisipokuwa na leseni, maboti hayapati kibali. Maboti thelathini na moja! Unataka tukauze kahawa mitaani Buzebazeba?"

"Utakunywa nusu ya birika kabla hujauza."

Eliakimu alicheka bila kutaka. Lakini maboti thelathini na moja yalirudi na Genoveva kituoni, yakakaa pale juu ya meza pamoja na ile fomu.

*

Kanuni zilidai pia kila kituo kikaguliwe siku moja kikifuata saa mpya, kabla ofisa hajapokea fomu. Bangwe ikapangiwa Jumatano jioni na Alhamisi asubuhi. Genoveva alimpa Elinipa neno lake kwamba atafuata, na neno lake si kitu cha kuazima.

Jumatano saa tisa alasiri boti kubwa la Eliakimu lilikuja kuandikisha safari ya Rumonge. Watu kumi na tisa. Genoveva akaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Saa kumi na moja Elinipa alikaa kwenye kiti cha wageni, Genoveva akawasha, akasikiliza. Meli moja ilizungumza na bandari. Rumonge kimya. Kwa nini isiwe kimya? Saa ya kulia ilionyesha kumi tu, Honorata alikuwa bado hajaruhusiwa kuwasha.

Saa kumi na mbili jioni Elinipa alisema taratibu, "Muda umefika, mama."

Genoveva akatazama ubao. Akatazama kitufe. Mkono wake ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena. Akazima. Sauti ya mngurumo wa hewa, ambayo alikuwa haisikii tena kwa kuizoea, ilipokatika chumba kikawa kama si chake.

Usiku ule alilala na viatu.

Alhamisi, kabla ya kumi na mbili asubuhi, alikuwa mlangoni. Elinipa alikuja na bodaboda, ameshika daftari lake. Eliakimu naye alikuja, eti kusalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Saa ya kushoto ilipogonga kumi na mbili Genoveva akawasha. "Rumonge, Rumonge, hapa Bangwe." Akaachia. Mngurumo. "Rumonge, hapa Bangwe, mnanisikia?" Mngurumo. Alikaa, akainuka, akaita, akakaa. Robo. Nusu. Jina la boti lilikuwa ubaoni, na kumi na tisa yake.

 Eliakimu akaanza kutembea, na chumba kile hakina pa kutembea watu wawili, wakawa wanapishana yeye na Genoveva kama abiria wanaotafuta kiti.

"Huyo Honorata kalala?" akasema.

"Hajalala. Kwake ni saa kumi na moja na nusu. Anatii sheria, kama mimi."

Elinipa aliinua uso kutoka kwenye daftari. Akatazama saa ya kushoto. Akatazama ya kulia, muda mrefu kidogo kuliko mtu anayesoma saa. 

Saa moja ikafika.

"Muda umekwisha," alisema Genoveva mwenyewe, kabla hajaambiwa. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe, na kabla hakijakibonyeza sanduku likasema:

"Bangwe, Bangwe, hapa Rumonge. Mwaramutse! Bangwe, muriho?"

Sauti ya Honorata, ikiamkia kwa Kirundi na kuuliza kama wapo, kavu, ya haraka, ya mtu aliyekuwa anangoja mlango ufunguliwe. Genoveva akashika kipaza sauti. Hakukibonyeza. Akamgeukia Elinipa.

"Mwanangu, nje ya saa sina ruhusa. Nikijibu, andika kwamba nimejibu. Na ile leseni uiandike kwamba nimeikosa."

"Mama, dharura inaruhusiwa wakati wowote, kanuni zinasema—"

"Ruhusa ya kuita ipo. Wa kusikia hayupo." Akabonyeza. "Rumonge, hapa Bangwe. Mwakeye. Sema!"

"Ego! Genoveva wee! Jana umekwenda wapi? Nimekuita, nimekupigia hata kwenye simu ya mkono mpaka salio likaisha! Boti lenu halikufika. Nahodha aliita Bangwe kabla ya saa moja yenu, hakujibiwa, mimi nikamsikia mbali, mbali. Pampu ya mafuta imekufa. Wamejikokota kwa makasia mpaka Kagunga, huko kwenu mpakani, wamefunga pale, ndipo akanipigia kwa simu ya mkono. Watu kumi na tisa, wazima, wamelala mchangani. Wanataka pampu na mtu wa kuifunga. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Kumi na tisa?"

"Kumi na tisa. Nimewahesabisha mara mbili."

Genoveva aliuma midomo. Simu yake ya mkononi huizima jioni kulinda betri. Huizima kwa sababu kwa miaka arobaini hakuhitaji nyingine, hii ya upepo huwa iko macho.

Eliakimu alikuwa amekaa chini, sakafuni, yeye na suruali yake ya ofisini. "Boti langu," alisema. Kisha akasema, "Shemeji yangu yumo." Kisha akainuka akatoka mbio kutafuta pampu, na huko nje alisikika akigombana na bodaboda wa Elinipa kwamba ampeleke yeye kwanza.

Elinipa alibaki na daftari wazi. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Mama, Jumatatu ndicho ulichokuwa unauliza?"

"Ndicho."

"Nilikujibu vibaya."

"Ulinijibu kama karatasi ilivyokujibu wewe." Genoveva alisema hivyo, lakini hakusema kwa upole sana. Hakuwa amelala, na watu walikuwa wamecheka.

Elinipa alivuta kiti. "Jedwali siwezi kulibadilisha. Sina uwezo huo, hata mkuu wangu hapa hana. Limeingia kwenye sheria, na nchi nne zimekubaliana. Lakini fomu ina sehemu ya nane, masharti maalumu ya kituo. Watu huiacha wazi. Iandike wewe, kwa mkono wako. Mimi nitaambatanisha nilichokiona hapa, dakika kwa dakika. Lakini sikuahidi."

"Sijaomba ahadi."

Genoveva akainua kopo la majani ya chai. Fomu ilikuwa na alama ya duara. Akavaa miwani akaandika, kwa mwandiko ule uliowahi kuandika barua za nusu ya Kidahwe: kwamba kituo cha Bangwe kitasikiliza saa zilizo kwenye jedwali, kwa saa ya Tanzania na kwa saa ya Burundi, zote mbili, mpaka nchi hizo zitakapoamua kutumia saa moja, na kwamba jina la boti likiwa bado ubaoni, kituo hakitazima. Akasoma. Akaona sentensi ya mwisho ndiyo itakayomponza. Akaiacha. Hapo ndipo akatia saini.

*

Wakampa kibali cha muda huku fomu ikisafiri kwenda makao makuu, na majuma yakaanza. Hili la kungoja lilimtesa kuliko lile la kukataa. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na mlango ilimwinua kitini. Eliakimu alikuja kila siku ya pili. Hakusema tena kwamba karatasi haina masikio. Alikuwa amegeuka kuwa yeye ndiye anayesimulia kijiweni jinsi kanuni zilivyoandika saa bila kuuliza ni ya wapi, na alisimulia kana kwamba aligundua yeye.

"Basi wewe uliyegundua, nitengenezee na mlingoti," Genoveva alimwambia, "huu umeoza."

Akautengeneza. Mlingoti mpya, wa chuma, bila kelele.

Juma la tisa Elinipa alikuja mwenyewe na bahasha. Alikuwa anapumua kama aliyekimbia, ingawa alikuja na bodaboda. Genoveva alifungua kwa kisu cha mboga. Leseni, mwaka mmoja, daraja la vituo vidogo. Nyuma yake tangazo la marekebisho: saa zote za jedwali zitasomwa kwa saa ya Tanzania, na kila nchi itaandika kwenye kanuni zake saa inayolingana nayo. Sharti la ubao lilikuwa limekatwa. Badala yake wameandika kwamba kituo kinaweza kuendelea kusikiliza, bila kuita, iwapo chombo kilichoandikishwa hakijathibitishwa kufika.

"Bila kuita," alisoma Genoveva.

"Kusikiliza tu, mama. Na kujibu ukiitwa kwa dharura. Niligombea zaidi, wakasema meli kubwa."

 Genoveva alitazama ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano jioni upande wa kushoto. Akawasha.

"Rumonge, Rumonge, hapa Bangwe."

"Nakusikia, Bangwe. Mwiriwe!" Mara moja. Bila kungoja.

"Honorata, umepata karatasi yenu?"

"Jana. Ya Kifaransa."

"Nisomee mstari wa sita. Pole pole, uutafsiri."

Honorata akasoma. Saa kumi hadi kumi na moja jioni, kwa saa ya Bujumbura. Genoveva akafuata kwa kidole kwenye yake: kumi na moja hadi kumi na mbili. Akatazama saa ya kulia: kumi na dakika saba. Ya kushoto: kumi na moja na dakika saba. Akamrudisha Honorata kwenye mstari wa asubuhi, akamsomesha mara mbili, na Elinipa akiwa amesimama nyuma yake akihesabu kwa vidole kama mwanafunzi.

"Inalingana?" Honorata aliuliza.

"Inalingana. Wale wa Kongo na Zambia je?"

"Wale sijui. Nimesikia Kalemie, huko Kongo, bado wana karatasi ya zamani."

Genoveva akachukua chaki, akaandika pembeni mwa ubao: *Kalemie, kuuliza.* Kisha akatazama katikati, ambako kulikuwa na jina la boti dogo lililotoka saa nane na watu saba.

"Rumonge, watu saba wamefika?"

"Bado."

"Haya. Nasikiliza."

Elinipa aliaga. Saa kumi na mbili ya kushoto ilipofika Genoveva aliweka kipaza sauti mezani, mbali kidogo na mkono wake, maana leseni ilisema asiite. Hakuzima, watu saba walikuwa bado ubaoni. Alivuta kiti karibu na sanduku, akakaa, akainuka, akaenda mlangoni.